Waraka kwa Watu wa Busia Zote Mbili

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na dada zangu wa Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, wa Malaba na wa Tororo, nanyi jumuiya za parokia zilizotawanyika kati ya Mto Sio na Mto Malaba. Na kwa majirani zetu Waislamu, ambao tumekula nao Idi na Krismasi pasi na kuulizana dini.

Nawaandikia kutoka Massachusetts, Marekani, ambako watu wa Afrika ya Mashariki wameongezeka hata mtu akipita katika mji wa Waltham siku ya Jumapili aghalabu hukutana na Kiganda njiani, na sababu ya kuandika ni maneno yaliyonifikia kwa simu na kwa vinywa vya wageni, kwamba baadhi yenu mmeanza kuwanung'unikia masista kwa kuwa, eti, wameziacha dawa na katekisimu wakajiingiza katika mambo ya mawakala wanaopeleka watu kazini mbali, ya polisi na ya siasa. Nimeyapima maneno hayo kwa muda, nikaona heri niseme yangu waziwazi, maana manung'uniko yakiachwa bila jibu hugeuka kuwa desturi.

Si mbali na hapa nilipo, katika kitongoji cha Brighton mjini Boston, ndipo alipofariki tarehe 17 Oktoba 1957 yule mtawa wa Kiairishi ambaye kwa ubatizo aliitwa Teresa Kearney, na ambaye bibi zetu hawakumjua ila kwa jina la Mama Kevina. Alikuwa amekwisha timiza miaka 82, umri ambao kwetu mtu hukalishwa kivulini akaletewa uji, naye alikuwa angali akitafuta fedha kwa ajili ya kazi aliyoianza mwaka 1903, alipowasili Nsambya pamoja na wenzake watano kwa mwaliko wa Askofu Henry Hanlon wa shirika la Mill Hill. Alizikwa kwanza huko Ireland. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika, wakadai mama yao arejeshwe kwao, na kabla ya mwaka ule kwisha akazikwa upya Nkokonjeru, pale pale ambapo mwaka 1923 alikuwa ameanzisha Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, shirika la mabinti wa nchi, ambalo leo lina nyumba zake Uganda, Kenya na Tanzania. Utakatifu wake ni juu ya Kanisa kuupima, nami siugusi. Ninalotaka mlizingatie ni kwamba katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapagazi wa jeshi la Mwingereza walipokuwa wakiletwa Nsambya hali zao taabani, mama huyo aliwatibu vidonda na wakati huo huo akaghadhibika kwa jinsi walivyotendewa na wale waliowatwika mizigo. Wala sijapata kusikia kwamba ghadhabu ile ilimpunguzia utawa wake. Basi anayesema kwamba masista wa leo wamezua jambo jipya, na asome historia ya hao anaowaita wa zamani.

Na huu mpaka wa Kenya na Uganda unaotutenganisha, kwa hakika, ni mdogo kwa umri kuliko nasaba zetu. Hadi mwaka 1902 nchi yetu, na Kisumu, na mbele ya Kisumu, ilikuwa ni jimbo la mashariki la Uganda, ndipo Waingereza wakaitenga kwa amri ya karatasi na kuitia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, na baadaye mstari ukapigwa ambao ulimwacha Msamia huku na shangazi yake kule, na Mteso vivyo hivyo. Kanisa halikuwa na haraka ile ya makarani: vikarieti ya Nile ya Juu, iliyoundwa mwaka 1894 chini ya mapadre wa Mill Hill, iliendelea kuwa moja pande zote mbili hadi mwaka 1925, Kavirondo, yaani upande wetu wa Kenya, ilipotengwa. Nadhani tabia ya ule umoja haikutoka upesi. Kule Nangina, Funyula, ambako masista wa lile shirika la tiba la daktari Anna Dengel walitumikia miaka mingi, na katika hospitali ya Kanisa ya Mtakatifu Antoni pale Tororo, sikumbuki kusikia kwamba mgonjwa alitakiwa aonyeshe kipande kabla ya kupimwa homa. Na mama mjamzito wa upande wowote alikwenda palipokuwa karibu, akajifungua, akarudi kwake, mtoto akiwa na nchi mbili bila kujua.

Tena, hesabu ya ukarimu katika mpaka huu haijapata kuwa ya upande mmoja. Baada ya Idi Amin kutwaa serikali mwaka 1971, walivuka kuja Kenya walimu, madaktari, mapadre na wakulima, na shule nyingi za Kenya ya magharibi zikapata walimu hodari wa hesabu na Kiingereza ambao mishahara yao ilikuwa midogo na shukrani waliyopewa ndogo zaidi. Mwaka 1972, Wahindi walipopewa siku 90 waiache nchi waliyozaliwa wengi wao, treni zilizowachukua kwenda Mombasa zilipita Tororo, na wazee wanaozikumbuka hawapendi kusimulia yaliyotendeka njiani. Kisha zamu ikageuka. Uchaguzi wa Kenya ulipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na mwezi uliofuata watu wapatao 12,000 wakaingia Uganda, wengi kwa Busia na Malaba, wakalala mashuleni na viwanjani, wakiwemo waliokuwa na maduka na ng'ombe wiki iliyotangulia. Hata serikali ya Uganda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa wakawaweka Mulanda, wilayani Tororo, na wale ambao hata baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari hawakuthubutu kurudi wakahamishiwa Kiryandongo. Nawauliza ndugu zangu wa upande wa Kenya, ambao kabla ya hapo tulikuwa tukilitamka neno mkimbizi kwa kejeli: ni nani kati yetu aliyekwenda Mulanda, baada ya mambo kutulia, kuwashukuru Wapadhola, wenyeji wa pale, waliotoa mahali pao?

Lakini kuna wavukao leo ambao hawapigiwi mahema. Mnawaona, kwa sababu hupita mbele ya maduka yenu: msichana wa Karamoja ambaye ameahidiwa kazi ya nyumbani Nairobi na hajui jina la mtaa anaokwenda, kijana wa Mbale mwenye pasipoti mpya iliyoshikwa na mtu mwingine. Mwezi wa Januari 2016 serikali ya Uganda ilipokataza watumishi wa nyumbani kupelekwa Saudi Arabia kwa sababu ya madhila yaliyowafika, mawakala hawakufunga biashara. Walichofanya ni kubadili njia, wakawapitisha watu Busia na Malaba ili wapande ndege Nairobi, na geti letu la Busia, ambalo tangu Februari 2018 lina majengo mazuri ya kukaguliwa mara moja tu, limekuwa jepesi kwa mwenye haki na kwa dhalimu pia.

Ndipo masista wanapoingia, nanyi mnapokasirika. Kuna mtandao wa watawa uitwao Talitha Kum, ulioundwa mwaka 2009 na umoja wa wakuu wa mashirika ya masista ulioko Roma, nao una matawi Kenya na Uganda. Kazi yake dhidi ya biashara ya binadamu haina sura ya kupendeza, kwani ni kukaa na binti asiyetaka kusema hadi aseme, kumsindikiza kituoni, kurudi mahakamani kila kesi inapoahirishwa, kutafuta kijiji cha mama yake, kukata tikiti ya basi. Sista akimnywesha binti huyo uji, parokia nzima humsifu. Akiuliza ni nani aliyemlipia nauli, tunaambiwa anafitinisha. Na sababu yake tunaijua, ila hatuisemi: wakala si mgeni. Anakaa nasi arusini, anatoa katika harambee, pengine ndiye aliyenunua mabati ya kanisa. Ni vigumu kumtaka sadaka mtu na kumtaka maelezo kwa pamoja. Masista wamechagua maelezo, nasi tukachagua mabati.

Huku Marekani nako hali ni hiyo hiyo. Sista Norma Pimentel, aliyewafungulia wahamiaji nyumba ya mapumziko McAllen, kwenye mpaka wa Texas na Mexico, mwaka 2014, ametukuzwa na Papa na ametukanwa na majirani. Nasi tulio huku tuna sehemu yetu ya lawama: wakala wa kwetu, ili amshawishi binti, humwonyesha picha zetu sisi tulio nje, tumesimama kando ya magari ambayo huenda tungali tunalipa deni lake. Nimewaomba wenzangu wa huku wapunguze picha. Wengine wamecheka.

Naomba, basi, mambo yasiyo makubwa. Mwenye nyumba ya kulala wageni asimpokee mtu mmoja anayelipia vyumba vya wasichana asiokuwa na nasaba nao bila ya kumwarifu mtu. Wanaume wa jumuiya wamsindikize sista aendapo kutoa ushahidi, maana yeye huenda peke yake. Na tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, yule binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani na kuuzwa tena kabla ya kuwa mtawa Italia, siku ambayo tangu mwaka 2015 Kanisa huwaombea waliofanyiwa biashara, parokia za pande zote mbili zikutane mahali pamoja, na baada ya maandamano na nyimbo, wazazi waliopoteza mabinti wapewe nafasi ya kusema, hata kama majina watakayotaja ni ya watu waliokaa viti vya mbele.

Kuhusu mchango tuliouchanga huku na ambao nasikia mnakusudia kuutia katika uzio wa parokia: tafadhalini msifanye hivyo. Wapeni masista, kwa nauli, kwa vocha za simu na kwa wakili. Wasitakiwe kuleta risiti ya kila tikiti, kwa sababu kondakta wa basi la usiku hatoi risiti. Mzee mwenyekiti anijibu kabla ya Pasaka, aseme kama halmashauri imekubali au imekataa, ili nijue la kuwaambia waliochanga.

Ndugu yenu,
Massachusetts