Mbu Tunaowalea Wenyewe



Ndugu wazazi, mwanafunzi mmoja hapa Arua aliniuliza baada ya darasa la Maghrib: "Ustadhi, mbu asipopata damu atakula nini?" Nikamjibu haraka kwamba atakufa. Nilikosea.

Damu si chakula cha kila siku cha mbu. Dume hanyonyi damu kabisa. Hana hata mdomo wa kutoboa ngozi. Hula maji matamu ya maua na utomvu wa mimea, na jike naye hula hayo apate nguvu za kuruka. Damu anaitafuta kwa ajili ya mayai tu. Akishiba hupumzika siku 2 au 3, kisha hutaga majini, na mbu wa malaria hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mara moja.

Yai likianguliwa hutoka kiluwiluwi, na huyu ndiye mlafi hasa. Kutwa anachuja maji: ukungu wa kijani, vijidudu visivyoonekana, chembe za majani yaliyooza. Hata chavua ya mahindi ikidondoka majini anaila. Utafiti uliofanywa Ethiopia ulionyesha kwamba viluwiluwi wa mbu wa malaria wakiipata hukua upesi na wengi zaidi hufikia ukubwa. Kisha anakuwa buu, hali kitu siku kama 2, halafu anaruka.

Sasa sisi tunapigana na mlo mmoja tu, ule wa usiku. Chandarua ni lazima tulale ndani yake (wengine wamezungushia bustani ya mboga, Allah atusamehe). Lakini malezi ya mbu huyo tumeyafanya wenyewe.

Nilikimbilia kwanza pipa la maji ya udhu. Viluwiluwi walining'inia vichwa chini. Hao ni kuleksi, si wa malaria. Jamaa zao hupenda damu ya ndege, na ndio wanaoeneza virusi vilivyopatikana mwaka 1937 kwa mama mmoja wa Omogo, vikabeba jina la West Nile yetu hadi New York mwaka 1999. Pipa nikalimwaga.

Kiluwiluwi wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Hao nikawakuta nyuma ya ukuta, katika shimo tulilolichimba wenyewe tukifyatua matofali ya madrasa. Miaka minne linajaa kila mvua, jua linalipiga, mahindi yako ukingoni. Na kila msimu nilikuwa nikihesabu watoto waliokosa darasa kwa homa, nikiwahimiza wazazi wao wanunue dawa na kuomba dua, shimo liko hatua ishirini nyuma yangu.

Koboko, kwa wazee wangu, ni yale yale: nyumba mpya na shimo lake. Maoni yangu ni kwamba anayefyatua matofali afukie shimo kabla ya kuezeka, na gharama yake iingie katika hesabu ya nyumba kama misumari. Wapo wanaosema maji yale yatafaa kuchanganyia udongo siku nyingine. Siku hiyo watachota mtoni.

La madrasa tumelianza Jumamosi, limebaki nusu. Mwenye toroli aje nalo Jumamosi hii baada ya Adhuhuri.