Mguu kwanza, kamera baadaye

Msomaji mpendwa, yamkini una kijana pale nyumbani ambaye tangu apate kamera hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kila Jumamosi anakuomba nauli aende kupiga picha ya majumba marefu ya Nairobi, akitarajia kwamba siku moja itanunuliwa na watengenezaji wa kalenda. Usimkataze. Mshauri tu kwamba safari ya kwanza aifanye mikono mitupu. Picha nzuri ya jiji hutafutwa kwa miguu na macho. Kamera huja mwisho.

Wengi hudhani kwamba kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo picha inavyopendeza. Chukua mfano wa KICC, jumba lililokamilika 1973. Ukiwa juu ya paa lake, jiji lote hutandazwa chini yako kama mkeka. Lakini kuna kitu kimoja utakachokikosa: KICC lenyewe! Na picha isiyo na jumba hilo la mviringo, mtazamaji wa Lamu au Kisumu ataitambuaje kuwa ni ya Nairobi?

Ndiyo maana inafaa kurudi nyuma kidogo, hadi Uhuru Park. Bustani hii iko magharibi mwa katikati ya jiji. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya majumba na kukupiga usoni, nayo majumba hutoka meusi. Nenda mwendo wa saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni mwako, uone kuta zinavyong'aa. Kisha ngoja litue. Sisi tulio karibu na ikweta giza hutuingilia upesi; utapata kama dakika 20 tu ambapo taa zimewaka na mbingu ingali samawati. Asiyejua mapema atasimama wapi atazimaliza dakika hizo akihangaika huku na huko.

Anayetaka punda milia mbele na majumba nyuma, na aende Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946. Mbuga iko kusini mwa jiji, hivyo mpiga picha huelekea kaskazini na jua humjia kwa ubavuni, asubuhi kulia na jioni kushoto. Adhuhuri haifai, kwani joto la mbuga huyafanya majumba yaonekane yakitikisika.

Kuhusu mapaa ya majumba ya watu, asiibe nafasi. Bawabu anayepewa kitu kidogo ili afungue mlango wa ngazi anaweza kupoteza kazi, na kijana wako anaweza kuishia kituo cha polisi. Barua fupi kwa msimamizi wa jumba, inayotaja siku, saa na idadi ya watu, hufungua milango mingi. Akubaliwapo, asikaribie ukingo, wala asielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi na maeneo mengine yanayolindwa kisheria. Jioni asiende peke yake. Kamera shingoni humwita mwizi.

Jambo la mwisho, msomaji, ni kwamba nafasi hizi hazidumu. Mnamo 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 papo hapo Uhuru Park. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliupinga, akatukanwa na kubezwa, lakini hatimaye mpango huo ukatupiliwa mbali. Lau angenyamaza, pale wapiga picha wanaposimama leo pangekuwa na saruji. Kisha 2022 ikafunguliwa barabara ya Nairobi Expressway, ambayo sasa hupita juu ya nguzo kati ya bustani hiyo na majumba. Aliyezoea kusimama chini karibu na barabara imembidi apande mlimani ndani ya bustani atafute pengine.

Kwa hivyo mnunulie kijana daftari dogo. Aandike mahali, saa, jua liko upande gani, na ni nani wa kuombwa ruhusa. Jumapili ijayo, baada ya chakula cha mchana, andamana naye. Huenda nawe ukaliona jiji unalolipita kila siku ukikimbilia matatu.