Nani Kaufinyanga?

Sebuleni kwangu Tandika, wilayani Temeke, umo mtungi wa maji uliokaa pembeni kwa zaidi ya miaka 20. Umeme ukikatika na friji ikapoa, mtungi huo ndio hutuburudisha koo. Niliununua kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Tulipatana bei, nikalipa, nikaondoka. Sikuuliza aliyeufinyanga ni nani.

Swali hilo nimeulizwa na mpwa wangu aishiye Uingereza. Alipokuja likizo aliniletea kitabu cha picha za maonyesho yaliyofunguliwa Februari 2019 katika jumba la sanaa la Hepworth Wakefield. Mwenye maonyesho ni Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Vyungu vyake vilipangwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka zama na nchi nyingi, zikiwamo kazi za Rodin, yule mchongaji wa Ufaransa. Jina la maonyesho hayo maana yake ni "Safari ya Vitu".

Mpwa wangu akautazama mtungi. "Mjomba, na huu kaufinyanga nani?"

"Huo unatoka Kyela. Wa Wakisi."

"Sikuuliza kabila, Mjomba. Nimeuliza mtu."

Niliona haya. Kisha nikaona hasira, maana aibu ile si yangu peke yangu.

Hebu tulinganishe. Odundo hatumii gurudumu. Huupandisha udongo kwa mkono, huusugua mpaka ung'ae, kisha huuchoma. Penye hewa hutoka mwekundu, ukinyimwa hewa huwa mweusi. Hayo hakuyapata katika vyuo vya Uingereza tu. Katika miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kituo cha ufinyanzi cha Abuja, akajifunza kwa akina mama wa huko, akiwamo Ladi Kwali. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, nao hufinyanga kwa mikono yao, husugua, huchoma kwa moto wa wazi, na vyungu huvushwa kwa mitumbwi hadi sokoni Matema.

Tofauti iko wapi, basi? Iko kwenye kibao. Wakefield, kibao kina jina la mtu. Kwetu nimeingia katika zaidi ya jumba moja la makumbusho nikasoma: "Chungu. Wakisi." Basi! Kana kwamba kabila zima liliketi chini likafinyanga chungu kimoja.

Wala tusisingizie kwamba majina hatuyajui kuyatunza. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki hapa Dar es Salaam mwaka 1972, jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Lakini yeye alikuwa mwanamume, na picha hutundikwa ukutani. Mfinyanzi wetu aghalabu ni mwanamke, na kazi yake huishia jikoni. Hapo ndipo jina linapopotelea.

Wapo watakaosema vyungu vya Odundo ni vya kutazamwa, vyetu ni vya kupikia. Je, kitu kikifaa kwa kazi ndiyo kinakosa kuwa sanaa? Wengine watasema ufinyanzi ni mali ya jamii. Nakubali, ujuzi ni wa jamii. Lakini chungu hiki kina mikono yake, na mikono ile ina mwenyewe. Nigeria walilielewa hilo: Ladi Kwali wamemweka kwenye noti ya naira 20.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kula gaeni ni umaskini. Kufutwa jina ni dhuluma, na dhuluma hii haihitaji bajeti kuiondoa. Mkusanyaji wa makumbusho anaponunua chungu, na aandike jina la aliyekifinyanga, kijiji na mwaka. Mchuuzi na aulize anapopakia. Na sisi wanunuzi tuulize kabla ya kupatana bei.

Nilirudi kwa mchuuzi wangu. Mzee mwenyewe hayupo tena. Kibanda anacho mwanawe. Alicheka kwanza, akidhani nautania. Kisha akasema, "Nitawauliza wa kwenye lori, mzee wangu."

Bado nangoja jibu. Kila ninapochota maji, nanywa kwa mkono wa mama nisiyemjua.