SAMANSI YA MTOTO IFIKE MKONONI MWA MZAZI



Mara nyingi katika kurasa hizi twanena juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba za wafanyakazi. Leo twataka kunena juu ya karatasi moja tu, ambayo yaweza kumpotezea mfanyakazi mtoto wake, au kumpotezea mtoto chakula na karo yake. Nayo ni samansi ya korti katika kesi ya mtoto.

Hapa Muthara, na katika Tigania nzima, wazazi wengi hawalali nyumbani kila siku. Huyu yuko katika mashamba ya maua huko Timau au Naivasha, yule ni dereva wa gari la miraa liendalo Nairobi, na mwingine analinda mlango wa tajiri mjini. Nyumba zetu za vijijini hazina namba. Basi mama akienda kortini kudai matunzo, au nyanya akiomba apewe malezi ya mjukuu, au ofisa wa watoto akipeleka kesi ya mtoto anayehitaji ulinzi, swali la kwanza ni hili: karatasi itampataje mzazi aliye mbali?

Sheria imelijibu swali hilo. Kanuni za kesi za madai za mwaka 2010 zasema kwamba samansi ipelekwe kwa mtu mwenyewe kila iwezekanapo. Akitafutwa mara kadhaa asipatikane, yaweza kupewa mtu mzima wa jamaa yake akaaye pamoja naye. Hata hivyo ikishindikana, korti yaweza kuruhusu ibandikwe kortini na katika nyumba aliyokaa mwisho, au itangazwe gazetini. Tangu mwaka 2020 yaweza pia kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, lakini katika namba iliyothibitika kuwa mtu huyo ndiye huitumia. Na aliyeipeleka sharti aape kwa maandishi, aeleze saa, mahali, na jinsi alivyoipeleka.

Kanuni hizo ni njema, lakini jembe halilimi lenyewe. Tarishi akiiacha samansi kwa mwenye duka sokoni, au akimpa mtoto wa shule aipeleke nyumbani, kisha akaapa kwamba aliitia mkononi mwa mzazi, huyo amesema uongo mbele ya korti, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Lakini hebu tazameni matokeo yake. Siku ya kesi yafika, mzazi hayupo. Hakimu anamsikia mmoja tu na kutoa hukumu. Baba au mama aliye kazini haambiwi kitu, mpaka siku aonapo mali yake inakamatwa, au asikiapo kwamba mtoto amepewa mtu mwingine. Ndipo akimbilie kortini kuomba hukumu ifutwe. Ikionekana hakupata samansi, hukumu hufutwa, na kesi yaanza upya.

Je, nani ameshinda hapo? Mama aliyengoja miezi mingi amerudi alipoanzia. Baba amepoteza siku za kazi na nauli. Na mtoto, ambaye Katiba katika kifungu cha 53 yasema faida yake itangulie katika kila jambo linalomhusu, ndiye aliyekaa bila karo muda huo wote. Kwa hivyo mtu asiseme kwamba kupeleka samansi sawasawa ni kumpendelea baba. Ni kumlinda mtoto.

Wengine watauliza: mtoto akiwa katika hatari, tungoje karatasi? La. Korti yaweza kutoa amri ya muda upesi ili mtoto awe salama. Lakini amri ya muda si mwisho wa kesi. Kabla ya neno la mwisho kutoka, mzazi sharti aitwe na asikiwe, maana kifungu cha 50 cha Katiba champa kila mtu haki hiyo.

Sasa twageukia upande wetu wenyewe, na tusifichane. Wako wanaume miongoni mwetu wajuao kabisa kwamba samansi inawatafuta. Mmoja abadilisha namba ya simu, mwingine awaambia wenzake kazini waseme hayupo. Ndugu, kumkimbia tarishi si kuikimbia kesi. Katiba yasema baba na mama wana wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Wako pia wasemao, "Tutaongea na wazee." Wazee wetu wa Njuri Ncheke waweza kusuluhisha mengi, na Katiba yaitambua njia hiyo. Lakini tarehe ya korti haingoji baraza.

Basi twashauri hivi. Kwanza, mwanachama akipewa samansi atie sahihi. Kutia sahihi si kukubali madai, ni kukubali kwamba umepata karatasi tu. Asome tarehe, naye afike. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulize habari za msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Pili, anayemshtaki mwenziwe ampe tarishi maelezo kamili: jina ambalo mtu huyo aitwa kijijini, mahali pa kazi, zamu yake, na namba ya simu aitumiayo leo, si ya mwaka juzi.

Tatu, wenye kazi wampe tarishi chumba cha kuonana na mfanyakazi faraghani. Kesi ya mtoto si ya kusomwa mbele ya wapakiaji wote. Korti ya watoto haikai mbele ya watu wote, na jina la mtoto halitangazwi. Kwa nini aibu yake itangazwe langoni?

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu, vyama vya wafanyakazi vidai katika mikataba ya pamoja kwamba mfanyakazi aliyeitwa kortini kwa kesi ya mtoto wake apewe ruhusa siku hiyo, asifukuzwe wala kukatwa mshahara. Mtu anayeogopa kupoteza kibarua hataenda kortini hata akipewa samansi kumi.

Wajumbe wa matawi walijadili jambo hili katika mikutano yao na kuliandika katika madai yetu. Mtoto hana chama wala hana kura ya kupiga. Sisi tulio na chama tumsemee.