Ndita zangu na sindano ya Dar

Mtoto wa kaka yangu alikuja Guta mwezi wa nane kutoka Dar es Salaam, akanikuta ufukweni nageuza dagaa. Nilipoitikia tu shikamoo yake, macho yakaganda usoni pangu. "Shangazi, hizo ndita zinaondoka kwa sindano moja tu." Sijanawa hata shombo mikononi, kashanifungulia simu: picha mbili za mwanamke yuleyule, kwenye moja kakunja uso, kwenye nyingine laini kama yai lililomenywa. "Sasa wewe chagua, Botox au filla?"

Nilikuwa muuguzi wa zahanati miaka 31 kabla ya kustaafu na kuingia kwenye dagaa, kwa hiyo sindano haziniogopeshi. Wala simcheki mwanamke anayetaka uso mzuri. Pesa ni yake na uso ni wake. Kilichonikera ni kuniuliza kama anayeniagizia soda.

Lugha yetu yenyewe imeshatenganisha mambo haya. Ndita ni ile mistari inayosimama katikati ya nyusi ukikasirika au ukifinya macho. Makunyanzi ni ngozi iliyochakaa. Shavu lililobonyea ni jambo jingine tena. Botox inafaa kwa hilo la kwanza. Ni sumu ya bakteria, ileile inayoweza kumuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika, ila hapa hutiwa kidogo mno, na kazi yake ni kulegeza msuli. Walioanza kuitumia ni madaktari wa macho: Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe, ikaja kuruhusiwa kwa ndita mwaka 2002. Hudumu miezi mitatu au minne. Filla haihusiani na msuli. Nyingi ni asidi ya hayaluroniki, kitu kama ute, na hujaza palipobonyea, kwa mfano mfereji unaoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Hiyo hukaa miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi.

Sasa tuje kwenye uso wangu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mitumbwi inarudi alfajiri, na jua likichomoza ndipo siku yetu sisi waanikaji inapoanza. Jua linakupiga kutoka juu, linakupiga tena kutoka kwenye maji ya Ghuba ya Speke na kwenye mchanga. Tunapumzika mwezi ukiwa mpevu, basi. Ngozi iliyokaushwa hivyo haina sindano ya kuirudisha, iwe hii au ile. Ndita zitalegea, sawa, lakini makunyanzi ya mashavuni yatabaki palepale, na baada ya miezi minne natakiwa nirudi tena na pesa nyingine.

Tuseme mtu ameamua. Mimi ningemwambia asianze na jina la dawa, aanze na friji. Botox hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, kama chanjo zetu. Nimebeba vibebeo vya chanjo na barafu zake kwenye baiskeli, najua umeme ukikatika nini hutokea. Mtu anayeitoa dawa kwenye mkoba saluni, ameilazaje? Na isije ikadhaniwa ni shida ya kwetu tu: mwaka 2024 huko Marekani watu waliugua, wengine wakalazwa, kwa sababu ya Botox bandia na sindano zilizochomwa na wasio na ujuzi. Tena vipimo vya Botox si vipimo vya Dysport, chapa nyingine ya sumu hiyohiyo. Kizio kimoja cha huku si sawa na kimoja cha kule. Asiyelijua hilo hafai kukusogelea na sindano.

Filla ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na jicho linaweza kupofuka. Ipo dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, lakini inatakiwa iwepo hapohapo anapochomwa mtu, kwa sababu jicho halisubiri. Kwa anayeishi Guta hesabu ni hii: umechomwa Dar, umerudi nyumbani, usiku shavu linageuka rangi. Bodaboda hadi Bunda mjini, usubiri basi la Mwanza, ndipo ufike hospitali ya Bugando. Botox ikikosewa kope inaweza kulegea, inaudhi, lakini baada ya wiki kadhaa inarudi. Ndiyo maana kwa mtu wa mbali na hospitali kubwa nasema, kama ni lazima, achukue ya msuli, kwa daktari, na filla aiache.

Nilimweleza hayo yote huku nageuza dagaa. Akauliza, "Kwa hiyo wewe huchomwi?" Nikamwambia watu wa ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hao wanajua adui yuko wapi. Mimi aninunulie ya duka la dawa, na kofia.

Wiki iliyopita vimefika kwa basi: chupa mbili za mafuta na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Leo nimeivaa. Upepo wa ziwa umeshaitupa majini mara mbili.