Umeme wa Jua Ndani ya Magari ya Mnada

Mtu akisimama Msamvu alfajiri huona magari madogo, Hiace na Noah, yakitoka mjini Morogoro yamesheheni marobota ya mitumba, viatu na masufuria. Hayo ni magari ya ndugu zetu wa minada. Baadhi yao huelekea Matombo, na wengine hupanda Mgeta kwa barabara ijipindayo ubavuni mwa Uluguru. Wengi wao hawarudi siku hiyo. Hulala humo humo garini, juu ya mali yao, kwa sababu nyumba ya wageni ina gharama na mali isiyolindwa ina mwizi. Hivyo gari moja ni duka, ni ghala, tena ni nyumba.

Siku hizi magari hayo yameanza kubeba paneli za sola za kuhamishika. Mwenye gari huliegesha chini ya mwembe apate kivuli, kisha huitandaza paneli juani hatua kadhaa mbali na kuvuta waya hadi kwenye betri. Usiku hupata taa ya kuhesabia fedha, na simu yake hujaa. Sisi twalisifu jambo hili bila kusita. Jenereta ina kelele na hula petroli, na moshi wake umekwisha kuua watu waliolala vyumba vilivyofungwa. Jua halina moshi wala halidai nauli.

Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya jinsi kazi hii inavyofanywa. Majuzi mwenye gari mmoja alituruhusu tuinue godoro lake. Tulikuta waya mwembamba wa spika umefungwa moja kwa moja kwenye betri, maungio yake yamesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa plasta, nao ukapita katikati ya marobota ya nguo. Fyuzi haikuwapo hata moja. Tulipouliza, alitujibu kwa adabu: "Mzee, fundi kaniambia volti kumi na mbili hazimrushi mtu."

Fundi huyo alisema kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo iliyo hatari. Ni kweli kwamba volti 12 hazimrushi mtu mwenye ngozi kavu. Lakini betri ya gari, waya wake wa chanya ukigusana na wa hasi, au ukichubuka na kugusa bati la gari, hutoa ampea mamia kwa mara moja. Waya mwembamba hugeuka mwekundu kama ule wa jiko la umeme kabla mtu hajaamka. Kinachoweza kuuzuia ni fyuzi, nayo yapasa ifungwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, maana kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Tena ukubwa wake hupimwa kwa unene wa waya. Anayeweka fyuzi kubwa ili isimsumbue kwa kukatika ameweka pambo tu.

Morogoro haihitaji kuhubiriwa juu ya moto. Tarehe 10 Agosti 1919 haituhusu. Ituhusuyo ni 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka hapa hapa Msamvu, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Iliripotiwa wakati ule kwamba cheche ilitokea mtu alipojaribu kuing'oa betri ya lori. Hatulinganishi msiba ule na godoro moja. Twakumbusha tu kwamba cheche ya betri ni moto kamili.

Turudi kwenye waya, kwa kuwa hapo ndipo fedha za mnyonge zinapopotea hata pasipo moto. Paneli ya wati 100 hutoa karibu ampea tano na nusu, kwa volti kama 18 katika hali njema. Ikiwekwa meta sita kutoka kwenye gari, umeme husafiri meta 12, kwenda na kurudi. Waya wa spika wenye unene wa robo tatu ya milimita ya mraba hula volti moja na nusu njiani. Wa milimita nne za mraba hula karibu theluthi moja ya volti. Yamkini msomaji atasema kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Lakini joto la mchana hupunguza volti za paneli yenyewe, na betri ya risasi hutaka zaidi ya volti 14 ili ijae. Ndiyo sababu mtu huishinda kutwa juani na kulala gizani, kisha akailaumu paneli.

Yako makosa mengine mawili. La kwanza ni kuitumia betri ile ile ya kuwashia injini. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa kitambo kidogo, si kukamuliwa usiku kucha. Asubuhi gari husukumwa. La pili ni kuiunga paneli na betri bila kontrola, kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi. Kontrola yenyewe huunganishwa na betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutoka. Na betri ya maji isiwekwe kichwani pa mtu aliyelala, maana inapojazwa hutoa hewa inayowaka.

Wapandao milimani wajue pia kwamba Uluguru ina mawingu yake. Upande wa mashariki, kuelekea Matombo, mvua ni nyingi kuliko huku mjini, na wakati wa masika paneli itakayotosha Morogoro haitatosha kule. Mwezi Juni jua letu huelemea kaskazini, basi paneli nayo iinamishwe kaskazini.

Hatusemi haya kuwadharau mafundi wa mitaani. Wengi wao wamejifunza kwa macho, na hakuna aliyewapa zaidi. Chuo cha VETA kiko Kihonda. Mafunzo ya jioni mbili au tatu juu ya umeme wa jua katika magari yangewafaa mafundi hao kuliko semina nyingi tulizowahi kualikwa. Na halmashauri inayopokea ushuru wa mnada haina budi kumtazama mlipa ushuru hata anapokuwa amelala. Siku ya mnada, mtu mmoja wa zimamoto anaweza kukagua magari ishirini kabla ya adhuhuri.

Yule mwenye gari tuliyemtaja amekwisha kuuondoa waya wa spika, na betri ameihamishia nyuma, mbali na nguo. Fyuzi bado. Asema atainunua akirudi kutoka Matombo. Tumemwambia ainunue kabla ya kwenda.