Sura ya Pili Isiwe Kikao cha Wanaokubaliana Nasi

Wanachuo wenzangu, tuseme ukweli kuhusu Sura ya Pili ya tafiti za mwaka wa tatu. Mara nyingi inaandikwa kinyumenyume. Mtu anaanza na jibu, halafu anaingia mtandaoni kusaka waandishi kumi wa kumuunga mkono. Anayepinga anaachwa kimyakimya. Matokeo yake ni kurasa kumi na tano za "Fulani alisema, naye Fulani akaongeza", na hayo ndiyo yanaitwa mapitio ya machapisho.

Wenzetu wa tiba walishaona hatari ya mtindo huo. Mwaka 1972 huko New Zealand, madaktari Liggins na Howie walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akipewa steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa mapema na hatari ya kufa hupungua. Majaribio mengine yakafuata. Ukisoma moja moja, mengi yalikuwa madogo na jibu halikuwa wazi. Yalipokuja kujumlishwa kwa pamoja, ikaonekana dawa inaokoa. Muda wote huo kuna watoto njiti waliokufa wakati ushahidi uko maktaba. Ndiyo maana nembo ya Cochrane, mtandao ulioanzishwa mwaka 1993 kukusanya ushahidi wa tiba, imechorwa kutokana na majaribio saba ya dawa hiyo.

Njia yao inaitwa mapitio ya kimfumo, na wala siyo uchawi. Kwanza unaandika swali lako wazi: wahusika ni nani, wanapewa nini, wanalinganishwa na nani, unapima nini. Pili, unaweka masharti ya utafiti utakaouchukua na utakaouacha, na unayaweka hadharani kabla hujaanza kutafuta. Tatu, unatafuta kwenye hazina zaidi ya moja na kuandika maneno uliyotumia. Nne, watu wawili wanachambua kila mmoja kivyake, kisha wanalinganisha. Tano, unakagua ubora wa kila utafiti. Mwisho ndiyo unajumlisha, na unaeleza ulipata machapisho mangapi, umeacha mangapi, na kwa nini.

Utasema hayo ni ya madaktari, sisi wa ualimu yanatuhusu nini? Chukua dawa za minyoo. Wanaozigawa shuleni ni walimu, yaani sisi kesho na keshokutwa. Mwaka 2004, Miguel na Kremer walichapisha utafiti wa shule 75 za msingi za Busia, Kenya, wakasema dawa hizo zilipunguza utoro kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Utafiti huo ukawa maarufu duniani. Halafu mwaka 2015 mapitio ya Cochrane yakajumuisha majaribio 45, yakahitimisha kwamba kugawa dawa kwa watoto wote bila kupima hakuonyeshi faida kubwa kwa wastani wa lishe, wingi wa damu wala maendeleo ya shule. Wapinzani nao wakajibu: ukichanganya watoto wenye minyoo na wasio nayo, faida inazama kwenye wastani.

Mjadala huo bado unaendelea, na mimi siko hapa kuuamua. Ninachotaka uone ni kwamba wapinzani waliweza kunyoosha kidole mahali hasa wasipokubaliana, kwa sababu kila hatua ilikuwa imeandikwa. Sura ya Pili ya kawaida haikupi nafasi hiyo. Huwezi kubishana na kitu ambacho hujui kimeachwa.

Najua pingamizi litakalokuja. Mapitio kamili ya kimfumo huchukua miezi, mara nyingi mwaka na zaidi, na timu nzima. Sisi tuna muhula mmoja, bumu limechelewa, na intaneti ya hosteli tunaijua wenyewe. Sawa. Hakuna anayedai tufanye kazi ya Cochrane. Lakini PubMed na Google Scholar unatafuta bure, na kuandika aya moja ya "nilitafuta wapi, kwa maneno gani, nikaacha nini na kwa nini" hakuhitaji ufadhili.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Idara zitenge alama kwa aya hiyo, hata tano tu. Na zituruhusu kuchambua machapisho wawiliwawili, kila mtu na mwenzake wa karibu, kabla ya kila mmoja kuandika utafiti wake. Serikali ya wanafunzi ipeleke hoja hii kwenye vikao vya taaluma, maana ni hoja ya taaluma kabisa.

Kesho utasimama mbele ya wazazi, kikombe cha vidonge mkononi, na mmoja atauliza: "Mwalimu, mna uhakika na hizi?" Kumjibu "utafiti umeonyesha" hakutoshi. Ana haki ya kuuliza tafiti ngapi, na zile zilizokataa zilisema nini.